Kitenzi “intensify” kikigoma: dalili, chanzo na tiba

Kigoma kuna watu wengi wanaoandika Kiingereza bila kuwahi kukitaka. Katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za ziwa, pale Kibirizi anaandika taarifa ya doria. Mhudumu wa afya Kasulu anajaza fomu ya rufaa. Afisa ugani anadaiwa ripoti ya michikichi na watu wa mradi, na kijana aliyepata kazi kwenye shirika huko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anatakiwa kila Ijumaa atume barua pepe kwa bosi ambaye hajawahi kumwona. Kazi za watu wa namna hiyo nazisoma sana, maana hapa Mwanga, mjini Kigoma, ukishajulikana kwamba unarekebisha Kiingereza, karatasi zitakufuata mpaka kwenye kahawa. Na kama kuna kitenzi kimoja kinachowatia matatani hata wale wanaokimudu Kiingereza vizuri, ni “intensify”.

Matatizo yake yanajirudia. Ndiyo maana nimeyapanga kwa dalili, kama fundi anavyoanza na mlio wa injini kabla hajafungua kitu. Tafuta dalili inayofanana na yako, soma chanzo, tibu, rudi kazini.

Kwanza tukubaliane kitenzi chenyewe kinafanya nini. “Intensify” ni kuzidi nguvu au makali kwa kitu ambacho tayari kipo, au kukizidishia kitu hicho nguvu au makali. Yashike mambo mawili hapo: kitu kiwe kipo, na kinachoongezeka kiwe ni nguvu yake. Mvua ambayo haijaanza haiwezi kufanya hivyo. Ikianza ndiyo inaweza. Shina lake ni la Kilatini, lenye maana ya kitu kilichovutwa kikakaza. Aliyekiingiza kitenzi hiki katika Kiingereza ni mshairi Samuel Taylor Coleridge mwaka 1817, na akaweka tanbihi ya kujitetea: kitenzi cha zamani “intend”, ambacho Newton alikitumia kwa maana hii, kilikuwa kimeshatekwa na maana ya kukusudia, na kutumia maneno mawili, “render intense”, kungemvunjia sentensi. Yaani kilitungwa ili kuokoa sentensi. Tuone sasa kinavyozivunja za kwetu.

Dalili: umeandika “was intensified” na msomaji anauliza, “Na nani?”

Hii ndiyo inayoongoza. Chukua sentensi hii ya barua ya kuomba majaketi ya kuokolea: “On the way from Ujiji the wind was intensified and the boat capsized.” Mwandishi alitaka kusema njiani upepo ulizidi, mtumbwi ukapinduka. Kiingereza chake kinasema upepo ulizidishwa. Msomaji wa mbali anasimama hapo kidogo, anamtafuta aliyeuzidisha, hamwoni, anaendelea akiwa na wasiwasi. Barua ya kuomba msaada haitakiwi kumwachia msomaji wasiwasi wa aina hiyo.

Chanzo si uvivu. Chanzo ni kwamba Kiswahili kina utaratibu mzuri ambao Kiingereza hakina. Sisi tuna zidi na zidisha, kolea na koleza, pungua na punguza, chemka na chemsha. Kitu kikifanya chenyewe, kitenzi kina umbo moja. Kikifanyiwa na mtu, umbo linabadilika na kila anayesikiliza anajua. Mtoto wa darasa la pili hawezi kukuambia “maji yamechemsha”. Sasa mtu mwenye utaratibu huo kichwani anakutana na “intensify”, ambacho kinatumika kwa zidi na kwa zidisha bila kubadilika hata herufi moja. Anahisi kuna alama imekosekana. Anataka kuonyesha kwamba hakuna mtu aliyeuzidisha upepo, anatafuta cha kuonyeshea, na alama anayoipata karibu ni kauli ya kutendwa. Anaweka “was”. Bahati mbaya “was” inaleta maana ileile aliyokuwa anaikimbia.

Tiba ni kuiambia sentensi kwa Kiswahili kwanza, kimoyomoyo, na kusikiliza umelitumia umbo gani. Ukisema zidi, andika kitu chenyewe, kisha kitenzi, basi: “The wind intensified.” Usiongeze chochote. Ukisema zidisha, lazima awepo wa kuzidisha na kitu cha kuzidishwa: “The villagers intensified the search.” Ukisema zidishwa na unamjua aliyefanya, kauli ya kutendwa ni halali kabisa: “The search was intensified after dark.” Hapo msomaji anajua kuna watu walioamua hivyo. Vivyo hivyo kwa maumivu, maana huko Kasulu nako “pain is intensified by walking” ni sawa. Kutembea ndiko kunakoyazidisha.

Ukishaizoea hiyo, utakuta umetibu vitenzi vingine vingi kwa mkupuo. “Increase”, “decrease”, “worsen”, “deepen”, “boil”, vyote ni vya mlango mmoja. Bei ya dagaa “increased”. Haina haja ya “was”. Hali ya mgonjwa “worsened”. Lakini usikiingize “exacerbate” kwenye kundi hilo. Hicho hakisimami peke yake. “The problem exacerbated” haikubaliki. Lazima kuwe na kilicholifanya tatizo likue, ama baada ya “by”, ama kama mtendaji mwanzoni mwa sentensi.

Dalili ndogo inayofanana na hiyo inawapata waandishi wa habari wetu wanaofuatilia mambo ya Kongo, ng’ambo ya ziwa. Mapigano yaliyokuwepo na sasa yamepamba moto ni “fighting has intensified”. Mapigano yaliyokuwa yamenyamaza kwa wiki kadhaa kisha yakazuka ni “fighting has broken out again” au “flared up”. Ukiandika la kwanza mahali pa la pili, unamwambia msomaji kwamba hakukuwa na utulivu wowote kati, na kwa mtu mwenye ndugu Uvira hiyo si tofauti ndogo.

Dalili: sentensi imesema kinyume cha ulichokusudia

Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu kosa hili halionekani kwa macho. Sarufi iko sawa, herufi ziko sawa, muhuri umepigwa, na maana imegeuka.

Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa wavuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Lilipofunguliwa, taarifa za doria zikawa nyingi. Fikiria moja yenye sentensi kama hii: “Since the lake was reopened, the committee has intensified illegal fishing.” Kamati inajisifu. Inataka kusema imekazania suala la uvuvi haramu. Kiingereza kinasema kamati yenyewe imezidisha uvuvi haramu: wameongeza makokoro, wameshusha nyavu za macho madogo, tena wameandika na taarifa.

Limetokeaje? Tazama vitenzi tunavyotumia kusifia juhudi. Tunasema wamelivalia njuga suala la makokoro. Wamekomalia uvuvi haramu. Wameishupalia rushwa. Serikali imekazania utoro shuleni. Katika vitenzi hivi vyote, kinachofuata baada ya kitenzi ni adui anayepigwa. Hakuna Mswahili anayesikia “wamekazania utoro” akadhani wamewahimiza watoto watoroke. Mwandishi anapotafuta Kiingereza cha kukazania, kamusi ya simu inampa “intensify”, naye anaweka adui palepale alipozoea kumweka. Lakini kitenzi hiki cha Kiingereza hakipigani na chochote. Kinakuza tu. Chochote utakachokiweka mbele yake kitanenepa.

Kwa hiyo ukishaandika “intensify”, weka kidole kwenye neno linalofuata na ujiulize: hiki nakitaka kiwe kikubwa zaidi? Doria, ndiyo. Msako, ndiyo. Elimu kwa wavuvi, ndiyo. Uvuvi haramu, hapana, kwa hiyo hauna haki ya kukaa hapo. Uondoe, weka silaha unayopigania, kisha adui umlete nyuma ya “against”: “The committee has intensified patrols against illegal fishing.” Kama unapenda maneno mepesi, na mimi nayapenda, “has stepped up patrols” inasema kitu hichohicho na haina uzito wa kiofisi.

Nimeshaona “We have intensified school dropouts” ikiwa ndani ya bahasha tayari kwa safari. Nimeona “intensify malaria in under-fives”, kwenye mpango kazi, chini ya kichwa cha habari cha malengo. Aliyeandika ni mtu mwenye huruma na watoto kuliko mimi. Ukiwa na taarifa ya kurasa nyingi na huna muda wa kuisoma yote, tafuta tu kila mahali penye neno hili na upime neno linalofuata. Makosa mengine yanavumilika, hili litaitwa kikaoni.

Dalili: kitenzi kimekalia hesabu

“The school has intensified the number of desks.” Madawati hayana makali. Idadi huongezeka, na kitenzi chake ni “increase”. Bei hupanda, nayo ni “rise” au “go up”. Wanafunzi wakizidi, “the number of pupils has grown”.

Penye utata ni doria, ambayo inahesabika na ina makali pia. “Intensify patrols” ni sawa, maana doria zinaweza kuwa za mara kwa mara zaidi na kali zaidi. “Intensify the number of patrols” si sawa, kwa sababu umeshataja idadi, na idadi ina kitenzi chake. Mahitaji na ushindani vinakubali: “competition for the dagaa has intensified”, wanunuzi wamekuwa wakigombania dagaa kwa nguvu zaidi kuliko zamani, hata kama ni walewale.

Kuna mahali pamoja ambapo nguvu yenyewe imepewa namba, nako ni kwenye vimbunga. Mei 2024 pwani yetu ilitikiswa na Hidaya, na tangu hapo hata huku bara watu wakawa wanasoma taarifa za hali ya hewa za Kiingereza. Ukikuta “rapid intensification”, si maneno ya kutia chumvi. Ni istilahi ya wataalamu: upepo wa kimbunga ulioongezeka kasi kwa angalau noti (“knots”) 30, kama kilomita 55 kwa saa, ndani ya saa 24. Usiitafsiri kwa “kimbunga kimeongezeka haraka”, kama kwamba vimekuwa viwili. Kimbunga kimepata nguvu kwa kasi.

Dalili: jambo zuri limenuka, au baya limenukia

“The training exacerbated the enthusiasm of the mothers.” Kina mama walikuja, walifurahi, wakataka waendelee. Aliyeandika alichoka kutumia neno lilelile, akagusa orodha ya visawe kwenye simu, akachagua lililomjaa mdomoni. Orodha haikumwambia kwamba “exacerbate” hubeba uchungu, na si kwa mafumbo: shina lake la Kilatini ni la kitu kikali au kichungu. Hutumika kwa jambo baya linalofanywa kuwa baya zaidi. Ukame hu-exacerbate njaa. Moshi wa kuni hu-exacerbate pumu, na hospitalini utakuta “acute exacerbation of asthma” kwenye faili la mgonjwa aliyebanwa ghafla. Hamasa ya kina mama haiendi huko. Hiyo “grew”, au “the training increased their enthusiasm”.

“Aggravate” ni jirani wa karibu, kutoka neno la uzito: kulemeza hali ambayo tayari ni mbaya. Wahudumu wa afya wanakihitaji kuliko wote, kwa sababu katika kuchukua historia ya mgonjwa kuna swali la “aggravating factors” na jingine la “relieving factors”: nini kinazidisha maumivu, nini kinayapunguza. Mama akikuambia tumbo linauma zaidi akishakula mihogo, mihogo inaandikwa kwenye la kwanza. Mitaani Waingereza hutumia “aggravate” kwa maana ya kumkera mtu, lakini kwenye fomu ya rufaa hakuna anayekerwa.

Na tukiwa hapo: “exasperate” ni kumchosha mtu mpaka akate tamaa na wewe. Hakina uhusiano na ukame wala pumu, kimefanana sura tu na “exacerbate”, na wengi wamekiandika mahali pake.

“Intensify” chenyewe hakina upande. Mapenzi, vita, mvua, rangi, ladha, vyote vinakubali. Mawese yakiachwa rangi ikakolea, unaweza kusema “the colour intensifies”. Mchuzi wa samaki aina ya mgebuka ukiwekwa kwenye moto mdogo viungo vikakolea, “the flavour intensifies”. Kukolea ndilo neno letu lililo karibu nacho kuliko yote, na ukilishika hilo hutapotea sana. Jaribu kuambatanisha: madawati yamekolea? Hapana. Ushirikiano umekolea? Kwa utani labda. Ndiyo maana ushirikiano, uhusiano na mifumo hupewa “strengthen”, kuimarisha. “We wish to intensify our relationship with your office” inamfanya mkuu wa ofisi ajiulize unamtaka nini hasa.

Dalili: umetuma barua pepe ya kawaida, ukajibiwa kana kwamba kuna ugomvi

Hii ni ya vijana wa mashirika. “Escalate” kina maisha mawili. La kwanza ni la mgogoro kupanda ngazi baada ya ngazi: maneno, kisha ngumi, kisha mapanga. La pili ni la ofisini tu, na halina ugomvi: kupeleka jambo kwa mkubwa kwa sababu limekushinda uwezo. Yote yanatoka kwenye ngazi zinazojiendesha, zile za umeme. Kampuni ya Otis ndiyo iliyolimiliki jina “Escalator” kama alama ya biashara, ikalipoteza mwaka 1950 kwa kuwa watu walishalifanya la kila mtu. Halafu miaka ya Vita Baridi wakalipeleka kwenye mambo ya majeshi na mabomu.

Sasa mkimbizi amelalamika kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya mgao. Umelipeleka suala wilayani. Ukiandika “The complaint has escalated”, umesema malalamiko yamekua, kuna vurugu, watu wamekusanyika. Bosi anashika simu. Ulichotakiwa kuandika ni “I have escalated the complaint to the district office”, mimi nimelipandisha. Tofauti yote imebebwa na nani aliye mwanzoni mwa sentensi na nini kilicho baada ya kitenzi. Kama unaogopa kuchanganya, andika “I have referred the complaint to the district office” na ulale usingizi.

“Intensify” hakitumiki kwa hilo la pili hata kidogo. “I have intensified the complaint” maana yake umeyatia malalamiko makali, yaani umekaa na mlalamikaji mkachochea pamoja.

Dalili: watu wa mradi wanauliza mashamba mapya yako wapi, au kwa nini msitu umefyekwa

Afisa ugani, hii ni yako. Katika kilimo neno hili limefungwa kwenye maana moja, na ukilitumia kiholela utajibu maswali ya fedha.

Tangu michikichi ianze kusukumwa kwa nguvu mkoani, kuna mambo mawili yanayofanyika vijijini na kwa Kiswahili yote tunayaita kupanua au kuongeza kilimo cha chikichi. Moja ni kufungua shamba jipya. Jingine ni kung’oa michikichi mizee ya kienyeji aina ya Dura katika shamba lilelile na kupanda Tenera, ile mbegu chotara ya Dura na Pisifera ambayo watafiti wa kilimo wa TARI Kihinga wanaizalisha, yenye ganda jembamba la kokwa na nyama nyingi ya kutoa mafuta. Kisha kuweka mbolea, kupalilia kwa wakati. Kwa Kiingereza cha kilimo, la kwanza ni “expand”, la pili ndilo “intensify”. Ukiandika “farmers intensified oil palm production”, mtaalamu aliyekaa mbali anaelewa eneo ni lilelile, mavuno kwa hekta yameongezeka. Akija na GPS akakuta miti imefyekwa kule mlimani, atakuona mwongo. Na ukiandika “expanded” wakati wakulima wako wametunza msitu na kupata mafuta mengi kwenye ekari zao za zamani, umewanyima sifa waliyoitolea jasho.

Hapohapo kuna ndugu wawili wanaosumbua: “intense” na “intensive”. “Intense” ni ya nguvu inayohisiwa: joto, maumivu, hasira, macho ya mtu. “Intensive” ni ya namna kazi ilivyopangwa, mambo mengi yaliyosongamanishwa kwenye muda mfupi au eneo dogo. ICU ni “intensive care” kwa sababu ya uangalizi uliosongamanishwa kwa mgonjwa mmoja. Hakuna hisia kali zinazotajwa hapo. Kozi ya wiki mbili ya Kiingereza, asubuhi hadi jioni, ni “intensive course”. Ukiiita “intense”, si kosa, ila umeeleza jinsi wanafunzi walivyotoka wamechoka. Kazi ya kuchimba mitaro kwa majembe badala ya katapila ni “labour-intensive”, na “labour-intense” haipo.

Makosa ya kusafisha kwa haraka

“Intensify on the campaign”: toa “on”. Kitenzi hiki hukishika kitu chake moja kwa moja. “On” imetoka kwenye “concentrate on”, ambacho ni kitenzi kingine.

“The rain more intensified”: toa “more”. Nguvu kuzidi imo ndani ya kitenzi. Kama ilishazidi na sasa imezidi tena, “intensified further”.

“Intensifyed”: “y” hugeuka “i” kabla ya “-ed” na kabla ya “-es”, lakini hubaki kabla ya “-ing”. “Intensified, intensifies, intensifying.” Na ni “s” katikati, si “c”.

“Intensifier” si mtu anayezidisha juhudi. Kwenye sarufi ni neno kama “very” au “extremely”. Afisa aliyejitambulisha hivyo kwenye semina alipigiwa makofi, lakini ni kwa sababu nyingine.

Matamshi: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu husema inten-SI-fai. Mkazo wake uko mbele zaidi: in-TEN-si-fai. Nomino hurudisha mkazo nyuma: intensifi-KEI-shen. Kwa “exacerbate”, “c” inasomeka “s” na mkazo uko kwenye silabi ya pili, ig-ZA-sa-beit. Ukisoma taarifa mbele ya wageni, hivi viwili ndivyo vya kufanyia mazoezi njiani.

Dalili: hakuna kosa lolote, lakini hakuna anayeelewa kilichofanyika

“There was intensification of the implementation of patrol activities in the intensified areas.” Sarufi haina kasoro. Hakuna kilichosemwa. Ugonjwa huu hauwapati wanaoanza, unawapata waliokwisha kuzoea, na kwa maoni yangu ni mbaya kuliko “was intensified” ya mwenye mtumbwi, kwa sababu yeye angalau alikuwa na upepo wa kweli wa kusimulia.

Chanzo ni kwamba neno limekuwa pambo. Kila taarifa ya robo mwaka inalitarajia, kwa hiyo linawekwa. Dawa si kutafuta kisawe chake. Ng’oa nomino ndefu, uliza nani alifanya nini usiku gani, kisha andika hivyo. Katika mfano huo, tuseme katibu alipoulizwa alieleza kwamba zamani walikuwa wakitoka na boti moja siku za giza tu, wavuvi wanapokuwa wengi ziwani na taa zao, na sasa wanatoka na boti mbili, hata mbalamwezi. Sentensi ikawa: “The committee now sends out two boats instead of one, and patrols on moonlit nights as well as dark ones.” Kitenzi chetu hakimo kabisa, na mtu wa mradi akiuliza mmezidisha doria kwa kiasi gani, jibu liko palepale mbele yake.